Kitone cha Kijani cha Mama Mkwe

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita niliishia pale mama mkwe aliponipigia simu saa moja asubuhi na kuniambia maneno matatu tu: "Mwanangu, kitone hakipo."

Kwa mliokosa sehemu zilizopita, sina kinyongo. Huenda mlikuwa na shida zenu. Nitawafupishia zangu.

Mimi ni fundi simu. Kazi ya kwanza nilifukuzwa kwa kusema ukweli, ya pili kwa kusema uongo, na ya tatu kwa kunyamaza. Nikafungua kibanda changu mwenyewe, ambako hakuna wa kunifukuza isipokuwa mvua. Mvua ikanifukuza pia, kama mlivyosoma sehemu ya tano. Nikiwa nimekata tamaa kabisa nikakutana na simu za wingu, nikajiambia kwamba safari hii nimeula.

Simu ya wingu ni simu isiyo na mwili. Inakaa ndani ya kompyuta kubwa za kampuni fulani ya mbali, na ile simu yako kuukuu uliyoishika mkononi inabaki kuwa dirisha tu la kuichungulia. Yako ikijaa, ya wingu haijai. Yako ikizeeka, ya wingu haizeeki. Ukiidumbukiza yako chooni, unaazima ya jirani, unaandika namba yako ya siri, na mambo yako yote unayakuta palepale ulipoyaacha. Niliihubiri habari hii mtaa mzima, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa na wateja tisa.

Tisa bila kumhesabu mama mkwe, kwa kuwa mkwe si mteja. Yeye ndiye niliyeanza naye.

Simu yake ilikuwa inamlalamikia kila asubuhi kwamba imejaa, afute kitu. Akaja nayo kibandani. "Inaniambia nifute," alisema. "Nifute kipi, mwanangu? Vyote ni vyake."

"Vyake" ni vya marehemu mumewe, baba mkwe wangu, aliyekuwa mkaguzi wa mizani. Mzee yule aliweza kuinua mfuko wa sukari kwa mkono mmoja na kukuambia umepunjwa vijiko viwili. Alikufa ghafla, miezi kumi na minne iliyopita, kwenye benchi la zahanati, kabla hajaitwa jina lake. Asubuhi hiyo, akiwa njiani, alimtumia mkewe ujumbe wa sauti. Mkewe alikuwa bafuni. Alipotoka alianza kufua, na alipokuja kuiona simu, majirani walikuwa tayari wako mlangoni na habari.

Hakuufungua ujumbe ule. Siku ile hakuweza, na baadaye hakutaka. Ulibaki na kitone chake cha kijani, kile kinachokuonyesha kwamba bado hujausikiliza. Kila asubuhi baada ya chai aliifungua simu, akakitazama kitone, akaifunga.

"Maadamu sijausikiliza," aliniambia, "bado ana neno la kuniambia."

Mimi ni mtu wa kudhihaki kila kitu. Siku ile sikupata la kudhihaki. Nilimhamishia kila kitu kwenye simu ya wingu, nikaifuta ile ya mkononi ibaki nyepesi, nikamwapia kwamba hapo juu hakuna kinachopotea. Simu ya marehemu mwenyewe ingekuwa na nakala, ila ilifia mezani kwangu nilipojaribu kuitengeneza. Hiyo ni sehemu ya tatu, na mke wangu hajamaliza kuisimulia mpaka leo.

Sasa nifike kwenye dhambi.

Kuandaa simu moja ya wingu kuanzia sifuri ni kazi ya nusu siku. Ya mama mkwe nilikuwa nimeiandaa kwa siku tatu, kwa heshima ya ukwe. Herufi kubwa, lugha safi, kila kitu mahali pake. Mteja wa kwanza alipokuja, nikajiuliza, kwa nini nihangaike? Nikaichukua simu ya mama mkwe nikaifanya mbegu. Nikapiga nakala tisa.

Nilifuta picha. Nilifuta majina. Ujumbe sikuufuta, kwa sababu akaunti ya ujumbe ilikuwa moja kwa simu zote, na ukifuta kwenye nakala unafutika hata kwa mwenyewe. Kwa hiyo niliuficha. Niliusukuma kwenye folda ya ndani kabisa, nikaufunika, nikajipongeza kwa werevu. Ila nilijua pia jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma. Nilijua kwamba mtu mmoja kati ya wale tisa akiusikiliza, kitone kitazimika kwa wote kumi.

Nilijua, nikafunga kibanda, nikaenda kula.

Haya. Saa moja na nusu nilikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Mke wangu alishafika, bado amevaa koti lake jeupe la duka la dawa. Shemeji naye alikuwepo, kaka yake mkubwa, karani wa mahakama, mtu anayeongea na watu wote kana kwamba wamepanda kizimbani.

Mama mkwe alinipa simu kwa mikono miwili.

"Jana baada ya chai kilikuwepo," alisema. "Leo hakipo. Mimi sijagusa."

Niliitazama simu kwa muda mrefu, nimekunja uso kama daktari. Nilikuwa sioni chochote. Nilikuwa natafuta uongo.

"Ni usasishaji, mama," nikasema.

"Ni nini?"

"Kampuni inaboresha simu. Wakati mwingine rangi zinapotea."

"Kitone tu ndicho kimepotea?" akauliza shemeji. "Rangi nyingine zote naziona zipo."

"Wanaanza na kijani."

Shemeji aliandika. Naapa aliandika, ana daftari dogo analoliweka mfukoni mwa shati hata siku za mapumziko.

Mama mkwe alinisogelea. "Niambie kitu kimoja tu, mwanangu. Kuna mtu aliyemsikiliza mume wangu kabla yangu?"

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba inateleza. "Hapana, mama," nikasema. "Hakuna."

Alishusha pumzi. Akanishika bega. "Nilijua. Ninyi mafundi mnatunza." Mke wangu alinitazama kwa macho ya mtu anayekagua karatasi ya dawa iliyoandikwa vibaya.

Nikatoka mbio kwenda kibandani. Kwenye kompyuta yangu naweza kuona kila simu ya wingu ilifunguliwa saa ngapi na ikafanya nini. Ujumbe ulikuwa umesikilizwa jana, saa kumi jioni. Mhalifu alikuwa mteja namba nne, kinyozi.

Nilimkuta katikati ya kichwa cha mtu.

"Injinia," akanisalimu. Hilo ndilo jina alilonibandika, na halina sifa ndani yake. "Umekuja kunyoa au kutengeneza?"

"Jana saa kumi ulifungua nini kwenye simu yako?"

"Nilikuwa natafuta nyimbo zangu. Nikaona folda imefichwa. Kitu kimefichwa ndani ya simu yangu mwenyewe, nisikifungue?"

"Ukasikiliza?"

"Tukasikiliza."

"Ninyi nani?"

Alizima mashine. Alionyesha kwa kidole spika kubwa nyeusi iliyoning'inia ukutani, ile inayopigia muziki mpaka barabarani. "Simu ilikuwa imeunganishwa hapo. Nilikuwepo mimi, niliyekuwa namnyoa, na wawili wa kwenye benchi. Halafu mama wa duka la vitambaa aliingia katikati, ikabidi turudie mwanzo."

"Mkaurudia."

"Si heshima mtu aanze katikati."

Nikakaa kwenye benchi.

"Mzee yule ni nani yako?" kinyozi akauliza.

"Baba mkwe. Marehemu."

Aliweka mashine mezani. Yule aliyekuwa akinyolewa akageuka na nusu ya nywele zake kunitazama vizuri.

"Kumbe wewe ndiye huyo mkwe," kinyozi akasema.

"Huyo mkwe vipi?"

"Kakutaja."

"Kasemaje?"

"Mimi ni kaburi, Injinia. Siri za kiti hiki hazitoki." Kinyozi akikuambia yeye ni kaburi, ujue limeshafukuliwa. "Lakini simu hii hapa. Kaa, nikusikilizishe. Ni dakika mbili na sekunde arobaini."

Akaichukua simu. Nikaona kidole gumba chake kinaishukia. Nikainuka, nikakimbia.

Mtauliza nilikimbia nini. Kuna jambo ambalo kwa wiki nane sijawaambia hata ninyi, na mke wangu halijui.

Asubuhi aliyokufa, mzee alinipigia mimi kwanza. Ilikuwa saa mbili. "Mkwe," alisema, "nina kizunguzungu. Nisindikize zahanati, sitaki kumtia hofu mama yenu." Nikamjibu, "Mzee, kibanda kimejaa watu." Akasema, "Haya, kazi njema."

Kibandani nilikuwa mimi na nzi wawili. Nilikuwa nacheza mpira kwenye simu, na nilikuwa naongoza kwa mabao matatu.

Baada ya hapo alienda peke yake. Mazishini watu wote walisema laiti angekuwa na mtu wa kumsindikiza, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa kuliko wote. Tangu siku ile nimekuwa nikiuogopa ujumbe ule kuliko kifo. Nikikuambia nilifurahi kila asubuhi mama mkwe alipoamua kutousikiliza, utanidharau, na utakuwa na haki.

Kwa hiyo nilipofika kibandani sikufikiria. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilijiambia, nakala zote zitoweke, kinyozi abaki na maneno matupu, na kinyozi asiye na ushahidi ni kinyozi tu. Nikafungua mitambo ya kampuni. Nikachagua: futa vyote vilivyotokana na mbegu hii.

Kompyuta ikaniandikia kwa adabu: "Simu kumi zitafutwa. Una saa moja ya kubadili mawazo. Je, una uhakika?"

Nilikuwa na uhakika. Nikabonyeza. Ilikuwa saa nne kasoro robo, na nilijisikia mwepesi hata nikapiga mluzi.

Simu yangu ikaita. Mke wangu.

"Rudi nyumbani kwa mama," alisema. "Ameamua."

"Ameamua nini?"

"Atamsikiliza baba. Leo. Anakusubiri wewe."

Nilipoingia, sebule ilikuwa imebadilika. Zulia limekung'utwa, viti vimepangwa mduara. Mama mkwe amevaa gauni lake la bluu la sherehe na amechana nywele. Simu iko katikati ya meza, juu ya kitambaa kilichofumwa.

"Nimekaa nikawaza," alisema. "Miezi kumi na minne nimemsubirisha. Hakuwa mtu wa kusubirishwa. Kitone kimezimika chenyewe, labda amechoka. Leo namsikiliza." Akanigeukia. "Na wewe ndiye utakayebonyeza, mwanangu. Wewe ndiye uliyemtunza."

Moyo ulinidunda mpaka nikadhani shemeji atauandika.

Mtu mwenye akili angebonyeza papo hapo. Mimi nilikuwa na woga, na woga ni mbunifu sana. Nikasema tuanze kwa sala. Shemeji akaombwa kusali, akasali kwa vifungu na vifungu vidogo. Nikasema sauti ya simu ni ndogo, nikafuate spika. Nikaenda kibandani taratibu, nikarudi taratibu zaidi. Nikasema chaji haitoshi. Nikasema labda tumsubiri shangazi anayeishi mbali.

"Shangazi hakualikwa," mke wangu akasema. "Una nini wewe?"

"Nataka mambo yaende vizuri."

"Tangu lini?"

Mama mkwe aliinua mkono. "Mwacheni. Anaona uzito wa jambo." Nikatamani zulia linifunike.

Hatimaye visingizio vilinikauka. Nikapiga moyo konde, nikabonyeza.

Sauti ilitoka kwenye spika kubwa na karibu, kana kwamba mzee amesimama mlangoni anavua viatu.

"Mama watoto, usishtuke. Niko njiani naenda zahanati, kile kizunguzungu kimerudi. Sikutaka kukutoa bafuni, najua unavyopenda kuimba huko ukidhani hatusikii."

Mama mkwe alicheka, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtiririka na bado alikuwa anacheka. Mke wangu alimshika mkono. Hata shemeji aliliweka daftari chini.

"Ufunguo wa kabati uko kwenye kikombe cha bluu. Na zile nyanya ulizonunua jana nimezipima, zimepungua. Usirudi kwa yule mama. Ukirudi, mwambie mimi nimesema."

"Nilirudi," mama mkwe akanong'ona. "Nimekuwa nikirudi kwake mwaka mzima."

Nilianza kupumua. Nikasema moyoni, labda mzee aliniacha, hakunisema. Labda kinyozi alitia chumvi.

"Jambo la mwisho. Nilimwomba mkwe wetu anisindikize, akaniambia kibanda kimejaa watu. Nimepita hapo sasa hivi. Nimemwona dirishani. Yuko peke yake, anacheza mpira kwenye simu."

Hakuna aliyenigeukia. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wote watatu waliendelea kuitazama simu.

"Sasa nisikilize vizuri, mama watoto. Habari hii usimwambie mtu yeyote, hata mtoto wetu. Kwa sababu huyu kijana mimi..."

Kimya.

Tulisubiri. Mzee alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi ili uone kosa lako mwenyewe. Lakini kimya kilizidi. Niliinama juu ya meza. Kioo kilikuwa cheusi, na katikati kulikuwa na mstari mmoja mweupe: "Simu hii haipo tena."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro robo.

Wateja tisa, na mkwe asiyehesabiwa. Simu kumi zitafutwa. Ningekuwa nimefaulu hesabu za darasa la kwanza ningeliona hilo. Kampuni ilinipa saa nzima ya kubadili mawazo, na saa hiyo niliitumia kumtafutia shangazi usafiri.

"Imekwama?" mama mkwe akauliza. "Irudishe, mwanangu."

Nikajaribu kuingiza namba ya siri. Nikajaribu tena. Nikapiga simu kwenye kampuni, na dada mmoja mwenye sauti tamu akaniambia kwamba kilichofutwa baada ya muda wa kughairi hakirudi, na je, ningependa kutoa alama kwa huduma niliyopata leo?

"Hairudi, mama," nikasema.

"Ni usasishaji?" akauliza shemeji.

Mke wangu alikuwa amesimama. "Uliniambia siku ile hukumwona baba."

"Sikumwona," nikasema. Ulikuwa ukweli mtupu, na ndio wa kwanza siku hiyo. "Yeye ndiye aliyeniona."

Nikakaa chini kwenye zulia na nikasema yote. Nilianza na mpira, nikaja kwenye mbegu, nakala tisa, folda niliyoificha, kinyozi, spika ya ukutani, kitufe nilichobonyeza huku nikipiga mluzi. Sikuacha kitu. Sijui kama nilisema kwa ajili yao au kwa ajili yangu, ila nilipomaliza sikuwa na chochote kilichobaki cha kuficha, na haikunisaidia hata kidogo.

Shemeji alifungua kinywa. Mama mkwe alimtazama, akakifunga.

"Wangapi walimsikia?" akaniuliza.

"Watano, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Mwanzo wake mara mbili."

"Walicheka?"

Sikulitegemea swali hilo. "Hapana. Nadhani hapana. Wanaona ni heshima mtu aanze mwanzo."

Alikikunja kile kitambaa cha meza mara nne, vizuri, kona juu ya kona. "Kwa hiyo kuna watu watano wanaojua mume wangu alimalizia vipi," alisema. "Na mimi si mmoja wao."

Hakupaza sauti. Ningeshukuru angepaza. Ningeshukuru angenitupia spika.

Badala yake aliinuka, akavaa viatu vyake vya sherehe, akachukua mkoba. "Kinyozi yuko wapi?"

"Mama, sisi tutaenda," mke wangu akasema. "Wewe pumzika."

"Nimepumzika miezi kumi na minne." Akanitazama. "Wewe utanionyesha njia. Utatangulia, ili nikuone."

Nilitangulia. Mke wangu alifuata nyuma na shemeji nyuma yake, na watu wa mtaani walitupisha, kwa sababu watu wanne waliovaa vizuri wakitembea kimya mchana ama wanatoka mazishini au wanaenda.

Kinyozi alikuwa mlangoni anaitikisa simu yake. "Injinia, afadhali umekuja. Wingu lako halifunguki, na ndani kulikuwa na..."

Akamwona mama mkwe. Akaliona gauni la bluu. Sikumtambulisha, na wala hakuuliza ni nani.

"Karibu, mama," akasema.

Benchi lilikuwa limejaa. Kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha kunyolea. Mama mkwe alikwenda akakikalia, mgongo wima, mkoba mapajani, akajitazama kwenye kioo. Kinyozi kwa mazoea alikung'uta shuka la kumfunga shingoni, akakumbuka, akalikunja polepole.

Mimi nilisimama nyuma. Nilijaribu kusogea pembeni, lakini kioo kile ni kikubwa. Popote nilipokuwa, aliniona.

"Nimekuja kumsikiliza mume wangu," alisema. "Amefika pale anaposema 'kwa sababu huyu kijana mimi'. Endelea kutoka hapo. Yeye alikuwa mtu wa mizani, kwa hiyo usipunguze na usiongeze."

Kinyozi alipangusa mikono kwenye aproni. Aliangalia waliokaa kwenye benchi, nao wakaangalia sakafu. Halafu aliniangalia mimi, kupitia kioo, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuniita Injinia.

"Mama," akasema, "mkwe wako naye abaki?"

Mama mkwe hakugeuka. Macho yake yalikuwa juu yangu kwenye kioo.

"Funga mlango," akasema. "Yeye awe ndani."

Kinyozi akafunga mlango, akazima redio, akakohoa mara moja, akaanza.